Niliokoka mwaka jana Tangamano, sasa moto umezima na hasira imerudi. Hivi niliokoka kweli?

kijana_wa_deepsea

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari zenu. Naandika hapa maana kanisani naogopa kuuliza, ukiuliza swali kama hili kesho yake unasikia fulani karudi nyuma, tumwombee.

Mi nina miaka 27, nauza samaki hapa Deep Sea Tanga kwenye meza ya mjomba wangu. Mwaka jana mwezi wa nane kulikuwa na mkutano wa injili viwanja vya Tangamano, mi nilimpeleka mama tu na pikipiki nikasema nimsubiri pale pembeni, kumbe ndo siku yangu. Mhubiri akasoma 2 Wakorintho 5:17, mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita tazama yamekuwa mapya. Sijui hata kilichotokea, nilijikuta nipo mbele nalia mpaka kola ya shati imelowa, mimi ambaye baba alipofariki sikulia mbele za watu. Kesho yake nimefika ufukweni saa kumi na moja alfajiri ngalawa zinaingia, hata ile harufu ya bahari niliyoizoea toka utoto niliisikia kama ngeni. Gongo niliacha siku ileile na haijanirudia mpaka leo, hilo namshukuru Mungu.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naamka mwenyewe usiku kuomba bila alarm, naimba barabarani, mama anashangaa. Afu taratibu ikaanza kupoa. Sa hivi nasoma Biblia macho yanapita tu juu ya mistari, nikipiga magoti maneno yanaisha dakika mbili nabaki nasikiliza mbu. Na hasira imerudi ileile. Wiki iliyopita nilimtukana dogo anayetuparia samaki, matusi mabaya ya nguoni, mbele ya wateja, dogo ana miaka 15, akaacha kisu na ndoo akaondoka hajarudi mpaka leo.

Sasa swali langu ndo hilo. Kama ya kale yamepita mbona mimi nayaona yapo? Niliokoka kweli au ilikuwa hisia tu za kinanda na maspika na watu wengi?

MwanaMakorora

Pole sana kaka. Hivyo ni vita, adui haachii mtu kirahisi. Angalia ukoo wenu, kama baba au babu alikuwa mtu wa hasira na pombe basi kuna kifungo hapo hakijakatwa, unatakiwa upite maombi ya kufunguliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na ndoto mbaya miaka, nikaombewa, zikakatika. Usikate tamaa, funga siku tatu uone.

kijana_wa_deepsea

Amina kaka nashukuru. Ila huko nimeshapita mara mbili, mahali fulani siwezi kupataja. Nikaombewa, nikaanguka, mafuta nikapewa nikapaka na mlangoni, nikafunga siku tatu na baadae saba. Sisemi ni uongo maana wewe kimekusaidia. Ila mimi Jumatatu nikisimama nyuma ya ile meza nakuwa yuleyule, yaani kama vile kuna nguo naivua nyumbani naikuta imening'inia kazini.

MamaWawili_Muheza

Mwanangu marahaba maana najua ungenipa shikamoo. Mimi ni mtu wa Muheza, nimekulia karibu na misheni ya Magila, Anglikana wa kuzaliwa, nafundisha watoto wa kipaimara mwaka wa kumi na nne huu. Siyo mlokole kwa maana mnayoitumia nyie vijana lakini Yesu nampenda na neno lake nalijua kidogo, kwa hiyo nivumilie nikuambie mawili.

La kwanza huo mstari wa kiumbe kipya. Umewahi kujiuliza Paulo alikuwa anawaandikia watu gani? Ni Wakorintho! Watu haohao ambao kwenye barua ya kwanza, sura ya 6, anawakemea wanashitakiana mahakamani ndugu kwa ndugu, na sura ya 11 wanafika kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa na huyu amelewa. Ndio hao anakuja kuwaambia mambo ya kiumbe kipya. Hakuwaambia nyie hamkuokoka rudini mbele tuanze upya. Kwa hiyo hilo la kwamba hukuokoka liweke chini kabisa, usitembee nalo.

La pili fungua Warumi 12:2. "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii, bali mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Hebu lisikie hilo neno kwa Kiswahili chetu hiki, MGEUZWE. Hakusema mjigeuze. Wala hakusema mmeshageuzwa basi kaeni. Kuna mtu anageuza na kuna mtu anageuzwa, na kazi inaendelea. Padri wetu mmoja zamani alitufundisha kwamba neno la Kigiriki lililoko hapo ndilo lililotumika kwenye Mathayo 17 Yesu alipogeuka sura kule mlimani uso ukang'aa kama jua, na ndilo Paulo analirudia 2 Wakorintho 3:18 anaposema tunabadilishwa toka utukufu hata utukufu. Toka hata. Ni safari hiyo mwanangu. Ndio maana wazee wetu wa misheni hawakuwa na haraka, mtu alikaa kwenye mafundisho muda mrefu kabla hajaguswa na maji, na nyie mnataka kila kitu kimalizike Jumapili moja.

Ila nimesoma sentensi yako moja nikairudia. Umesema unapofika nyuma ya meza unakuwa yuleyule. Hukusema nyumbani, hukusema barabarani, umesema meza. Hapo kwenye meza kuna nini? Usinijibu mimi kama hutaki, jijibu mwenyewe.

FundiBaiskeli_Barabara12

Mama umeuliza swali zito. Nipo nasubiri jibu.

kijana_wa_deepsea

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako saa nne asubuhi nikiwa kazini nikashindwa kuendelea kupima. Nimekaa na hili mpaka sa hivi usiku. Nitasema maana hapa hakuna anayenijua, na hata akinijua basi.

Kwenye meza kuna chubwi.

Nawaeleza wasiojua. Chubwi ni kile kipande cha risasi wavuvi wanafungia kwenye mshipi ili uzame. Mizani yetu ni ile ya sahani mbili, huku mawe ya kilo huku samaki. Chini ya sahani ya samaki pamebandikwa chubwi kwa gundi, limepigwa nyundo likawa bapa, huwezi kuliona mpaka ugeuze sahani. Kila nikipima mteja anaondoka na pungufu ya gramu 100 hivi. Watu wa Wakala wa Vipimo wakija kuhakiki linatolewa, wakishabandika stika yao linarudi. Nililikuta, sikuliweka mimi, mjomba ndo alinionyesha siku ya kwanza ya kazi kama vile anavyokuonyesha maji yapo wapi na kisu kipo wapi. Na nikaokoka nikaendelea nalo. Nilijiambia ni mali ya mjomba, mizani ya mjomba, mimi nimeajiriwa.

Na kingine. Yule dogo nilimtukana kwa sababu alikuwa anaosha sahani akaigeuza, akaniuliza kwa sauti, kaka Mosi hili chubwi la nini hapa? Wateja walikuwepo watatu. Yaani hakunikosea chochote.

Kuna mteja mmoja mama ntilie ananunua kila siku vibua au kolekole, nikimkabidhi huwa nasema ubarikiwe mama, nae anasema amina. Sikuwahi kuelewa kwa nini ile amina yake ilikuwa inanikera.

FundiBaiskeli_Barabara12

Mimi ni Muislamu, mniwie radhi kuingia kwenye mazungumzo yenu ila sisi Tanga tunaishi pamoja na mizani haina dini. Kwetu kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, ya 83, inaanza moja kwa moja na ole kwa wanaopunja, wale ambao wakijipimia kwa watu wanataka kitimie na wakiwapimia wao wanapunguza. Toka chuoni tukiwa wadogo maalim akifika hapo alikuwa anatulia.

Ndugu yangu mimi kila Ijumaa natoka Ngamiani na baiskeli nakuja hapo Deep Sea kununua kilo moja ya changu, nina watoto sita. Kilo moja kwa watu wanane. Sijui kama meza yako ndo nanunua. Mke wangu akikata vipande anavihesabu kwanza kabla hajaweka chungu jikoni. Gramu 100 ni kipande cha mtoto mmoja.

Sikuambii haya kukuumiza, umefanya ujasiri kulisema. Nakuambia ujue linafika wapi.

kijana_wa_deepsea

Nimesoma kaka. Sina neno.

mzee_wa_korona

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu ananisaidia kuandika hii, mimi nasema yeye anaandika, macho hayaoni vizuri kwenye hizi simu.

Mimi nimefanya kazi mashamba ya mkonge miaka 31, mingi kwenye korona. Asiyeijua, korona ni mashine ya kusaga jani la mkonge. Jani linaingia zima, kijani, nene, zito, linapita kwenye madrumu yenye vyuma, ile nyama yote ya kijani inakwanguliwa, maji yanapigwa mengi sana, na harufu yake ukiisikia mara moja huisahau. Kule mwisho zinatoka singa, yaani nyuzi zenyewe. Bado si nyeupe, zina ukijani na zinanata, zinakwenda kuanikwa kwenye waya juani ndo ziwe nyeupe, kisha zipigwe brashi. Sasa wewe kijana ulidhani ulivyolia pale Tangamano ndo umeshatoka brashi. Ulikuwa umekatwa shambani tu. Hata korona ulikuwa hujafika, hii ya chubwi ndiyo korona.

Niliokoka 1978. Aliyenileta kwa Bwana alikuwa mzee mmoja wa Bukoba alikuja Tanga kama manamba, kukata mkonge. Yeye aliokoka katika ule uamsho uliotoka Rwanda, pale Gahini, miaka ya 1930, ukaingia Uganda ukashuka na kwetu Bukoba. Hata hili jina mlokole mnalolitumia limetoka kwa Waganda, kwao kulokoka ni kuokoka. Na wale wazee, mtu akisema ameokoka hawakumuuliza umesikia nini rohoni. Walimuuliza umeshatengeneza? Maana yake umerudisha cha watu? Watu walikuwa wanarudisha majembe, mashuka ya hospitali, sahani za mzungu, ng'ombe mwenye mali hata alishamsahau. Waliita kutembea nuruni. Unasimama mbele ya wenzako unataja, bila kuzungushazungusha, kama wewe ulivyotaja hapa.

Mimi nilikuwa natoa dizeli usiku. Madumu ya lita ishirini, tunauza barabarani kwa wenye malori, tulikuwa watatu. Niliokoka mwezi wa pili nikaacha kuiba, nikajiona nimemaliza. Lakini kila yule mzee akisema tuombe koo langu linakauka. Miezi saba hivyo. Akaniuliza siku moja tumekaa nje ya kambi, wewe umeacha kuiba, je umeacha kuwa mwizi? Nikakasirika nikaondoka. Usiku nikaelewa. Ile pesa ya dizeli nilikuwa nimenunulia baiskeli na nilikuwa naipanda kwenda kanisani.

Nikaenda kwa meneja. Nilitetemeka magoti mpaka karani akaniletea kiti. Sikuwataja wenzangu, nilitaja langu. Meneja alinyamaza muda mrefu, akaniambia utakatwa mshahara miezi kumi na utarudi shambani kukata. Nikarudi shambani. Na baiskeli nikaitoa. Nilitembea kwa miguu mwaka mzima na mke wangu alilia, sitakuficha, hakufurahi, alisema wokovu gani huu wa kutuletea njaa. Lakini koo lilifunguka.

Msome Zakayo vizuri Luka 19. Bwana hakumwambia rudisha. Amekaa nae tu, amekula kwake. Zakayo mwenyewe akasimama, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Baada ya hapo ndipo Bwana akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Na kwenye torati, Walawi 6, aliyedhulumu anarudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Kwa hesabu hiyo gramu 100 unarudisha 120.

Utaniuliza nitawapata wapi wateja wote wale. Hutawapata. Unaowajua waanze nao, yule mama ntilie unamjua. Usiowajua Mungu anawajua, Efeso 4:28 inasema mwibaji asiibe tena bali afanye kazi kwa mikono yake apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Na mjomba wako mwambie uso kwa uso, kwa adabu, siyo kwa meseji. Usimhubirie. Mwambie lako.

Jambo la mwisho mjukuu anachoka. Mkonge wenyewe siyo wa kwetu. Mjerumani Hindorf aliuleta 1893, miche elfu moja ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu, ndiyo ikapandwa Kikogwe kule Pangani. 62. Angehesabu iliyokufa asingepanda, na Tanga hii isingejulikana kwa katani. Wewe gongo umeiacha na haikukuita tena mwaka mzima, unajua wangapi wanaililia hiyo? Hiyo imepona. Panda hiyo.

MwanaMakorora

Mzee shikamoo. Nimeandika pale juu kuhusu kifungo cha ukoo na bado naamini vipo, ila nakiri nilijibu haraka bila kumsikiliza mwenzangu. Kaka nisamehe. Nimekumbuka na mimi nina deni la mtu pale Kange toka mwaka juzi, nilibadilisha laini ya simu.

MamaWawili_Muheza

Mzee wangu Mungu akuweke. Mwanangu wa Deep Sea, Mithali 11:1 usiku huu ukipata nafasi, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza. Ujisomee nusu ya pili zaidi ya ya kwanza. Humpendeza! Mtu akipima kilo sawasawa ya vibua Mungu anapendezwa, kama anavyopendezwa na zaburi. Nitakutaja kwenye misa ya asubuhi, nitasema kijana wa samaki.

kijana_wa_deepsea

Wapendwa samahani nimekaa kimya siku tisa. Nawapa mrejesho.

Chubwi nilitoa kesho yake alfajiri kabla mtu hajafika. Lilikuwa limeganda, nilibandua na kisu cha kuparia, sahani ikabaki na alama nyeusi ya mviringo haitoki hata kwa mchanga. Afu nikamsubiri mjomba. Sikumhubiria mzee, nilifanya ulivyosema, nikamwambia mjomba mimi nimeokoka siwezi tena kupimia na ile, sikulaumu wewe, ni mimi siwezi. Alinyamaza. Akawasha sigara akaivuta mpaka ikaisha. Akasema, unajua hilo chubwi ndo limekusomesha sekondari? Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Akaondoka. Siku mbili hakuja mezani. Siku ya tatu amekuja, hajalirudisha, lakini hatujaongea zaidi ya bei za mnadani. Mapato yameshuka na anaona na mi naona. Sijui itakuwaje, anaweza kuniondoa, nimeshajiandaa kwa hilo.

Mama ntilie nilimwambia yote nimesimama pale kwenye moshi wake. Nilitegemea matusi. Alishika kiuno akaniangalia, akasema nilikuwa nalijua, meza zote nalijua, nilikuwa nanunua kwako kwa sababu unaniita mama. Kila siku namwongezea robo juu ya kilo zake kutoka kwenye posho yangu, tumekubaliana mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Dogo anakaa Sahare kwa bibi yake. Nilikwenda Jumapili jioni, nikamwomba msamaha mbele ya bibi, kwa sababu nilimtukana mbele za watu nikaona nisimwombe pembeni. Akawa anachora chini na kidole cha mguu. Nikamwambia ulichouliza kilikuwa kweli, ulikuwa sahihi. Akauliza kesho nije saa ngapi.

Maombi bado mafupi wapendwa, sitawadanganya. Jana nilipiga magoti nikasema Zaburi 51, ee Mungu uniumbie moyo safi, nikaishia hapohapo, sikuwa na lingine. Ila sikusikiliza mbu.

Fundi wa baiskeli, kaka yangu, Ijumaa pita meza ya tatu kutoka kwenye ngazi, uliza kijana wa mama Mosi. Lile chubwi nimempa mvuvi mmoja akafungia kwenye mshipi.

FundiBaiskeli_Barabara12

Inshallah nakuja. Naja na wa kwangu mkubwa umwonyeshe mizani inavyosomwa.

mzee_wa_korona

Nimesomewa yote mara mbili. Mjomba wako usimwache, kaa nae hapohapo mezani, amekuuliza swali la haki na anasubiri. Jumamosi mjukuu atanileta na bajaji. Nipimie kilo mbili za vibua.